Joto Hili ni la Nani? Viini Hafifu vya Galaksi Jirani

Kama katikati ya kila galaksi kubwa limo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya jua, mbona galaksi nyingi zinaonekana zimetulia tu, bila dalili ya kitu kinachomezwa? Swali hili huulizwa kila shimo jeusi linapotajwa, na jibu lake linajulikana kwa sehemu kubwa. Mashimo mengi hayajafunga kula; yanadokoa. Mwanga unaotokana na mlo huo ni mdogo, umezungukwa na mabilioni ya nyota, na mara nyingi vumbi limesimama mbele yake. Njia mojawapo nzuri ya kuutafuta ni kupima joto badala ya mwanga unaoonekana kwa macho. Ugumu ni kwamba joto hupatikana upesi, ila kumtambua mwenye joto ni kazi nyingine kabisa.

Maneno ya kuanzia

- *Galaksi* ni kundi kubwa la nyota, gesi na vumbi lililoshikwa pamoja na mvutano wake lenyewe. Jua na dunia vimo katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe.
- *Shimo jeusi* ni kitu kizito kilichobanwa mno, kiasi kwamba hata nuru ikiingia haitoki.
- *Kiini amilifu* ni kitovu cha galaksi ambamo shimo jeusi linapokea gesi. Nuru yake haitoki ndani ya shimo. Inatoka kwenye gesi inayozunguka kwa kasi, ikisuguana na kuchemka kabla ya kutumbukia.
- *Infraredi* ni mnururisho wa jamii moja na nuru, wenye mawimbi marefu kuliko ya rangi nyekundu. Macho hayauoni, ngozi huuhisi kama joto.
- *Mwaka wa nuru* ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5.

Galaksi zinazopita juu ya Singida

Mji wa Singida uko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwenye uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kukaa jirani na ikweta, mkoa huo unaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Si kila mahali duniani penye bahati hiyo. Darubini za Chile haziipati kabisa galaksi iitwayo M81, na za Ulaya haziipati galaksi ya Sirkinusi. Singida zote mbili huchomoza na kutua, ingawa M81 haipandi zaidi ya nyuzi 16 juu ya upeo, na mawe makubwa ya mkoa huo yanaweza kuificha.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho msimu wa kutazama. Mwishoni mwa Mei, saa 3 usiku, galaksi ya Sombrero katika kundinyota la Mashuke hufika karibu na utosini, na M87 huwa upande wa kaskazini yake. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, Centaurus A na M83 hushika nafasi zao upande wa kusini. Agosti, saa hiyo hiyo, kitovu cha Njia Nyeupe huwa juu kabisa katika kundinyota la Kausi, pale ukanda mweupe wa anga unapokuwa mnene na wenye mapengo meusi. Mapengo hayo si mahali pasipo na nyota. Ni vumbi lililoziba nyota za nyuma. M77, galaksi iliyowafundisha wanaastronomia mengi kuliko karibu zote kuhusu viini amilifu, hupita utosini mwa Singida mwezi wa Desemba, na Desemba ni masika ya huko. Anayeitaka atahitaji kuyavumilia mawingu.

Isipokuwa ukanda wa Njia Nyeupe, galaksi hizi huhitaji darubini. Hata kwa darubini, kinachoonekana ni wingu dogo lenye nuru iliyokoza katikati. Je, nuru ya katikati ni ya nyota zilizosongamana, au kuna zaidi?

Makaa chini ya majivu

Jiko la mkaa lililopikiwa ugali wa jioni huachwa likifunikwa na majivu. Saa moja baadaye, gizani, halionyeshi chochote. Anayetaka kujua kama moto upo hasogezi jicho, husogeza kiganja. Kiganja hupokea infraredi.

Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, na kadiri kinavyokuwa cha moto zaidi ndivyo mawimbi yake makuu yanavyokuwa mafupi. Mawimbi haya hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Uso wa jua, wenye joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, hung'aa zaidi kwenye nusu mikromita, rangi ambazo macho yamezoea. Kaa lililoiva, nyuzi 700 hivi, hutoa zaidi kwenye mikromita 3. Wekundu unaoonekana ni ncha ndogo tu ya kinachotoka. Mwili wa binadamu hutoa zaidi karibu na mikromita 9. Vumbi lililo jirani na shimo jeusi linaweza kufika nyuzi 1,200 hivi, na hapo huangaza kwenye mikromita 2. Likizidi hapo huvukizwa na kuwa gesi, kwa hiyo hakuna vumbi la moto kuliko hilo.

Infraredi ilitambuliwa mwaka 1800 na William Herschel, aliyepitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembetatu na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto kilichowekwa nje ya wekundu, mahali palipoonekana hapana kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Rimoti ya televisheni hutumia mnururisho huo huo, na kamera za simu nyingi huuona kama kitone cheupe rimoti inapobonyezwa.

Moshi, si vumbi la barabara

Husemwa mara nyingi kwamba infraredi hupenya vumbi. Msomaji aliyewahi kukaa nyuma ya lori kwenye barabara ya changarawe ya Manyoni, mkoani Singida, ana haki ya kutilia shaka. Vumbi la barabarani ni chembe kubwa, mikromita kadhaa hadi makumi, na infraredi haipenyi humo kirahisi. Vumbi la angani kati ya nyota ni jingine. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko nusu mikromita na zinafanana zaidi na moshi. Wimbi refu huzipita chembe ndogo kama lori linavyopita juu ya kokoto. Wimbi fupi hugonga na kutawanyika. Ndiyo sababu jua linalozama nyuma ya moshi wa mashamba yanayochomwa huonekana jekundu: bluu imetawanywa, nyekundu imepita.

Kitovu cha Njia Nyeupe kinaonyesha tofauti hiyo kwa namba. Kati ya chembe trilioni moja za nuru ya kawaida zinazoondoka kule kuja duniani, hufika moja hivi. Kwenye mikromita 2.2, hufika karibu moja katika kila kumi. Kwa mlango huo, timu za Reinhard Genzel na Andrea Ghez zilifuatilia kwa miaka mingi nyota zinazozunguka kitu kisichoonekana chenye uzito wa jua milioni 4 hivi, na mwaka 2020 wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Shimo hilo ni hafifu kupindukia. Nuru yake yote ni ya jua mia kadhaa tu, na kama lingekuwa katika galaksi nyingine, hakuna ambaye angelitambua.

Vumbi hilo lina aina mbili zinazofaa kukumbukwa. Moja ni ya silikati, jamii ya madini yaliyomo kwenye mawe ya graniti ya Singida. Nyingine ni ya kaboni, na chembe zake ndogo kabisa ni molekuli za jamii ya masizi ya sufuria. Kila aina ina alama yake katika infraredi: silikati karibu na mikromita 10, masizi kwenye 7.7 na 11.3.

*Kwa ufupi:* nuru kali karibu na shimo hupasha vumbi. Vumbi hutoa joto hilo kama infraredi. Na infraredi hiyo hupenya vumbi lililobaki njiani.

Jinsi joto la mbali linavyopimwa

Hewa yenyewe ni kikwazo. Mvuke wa maji humeza sehemu kubwa ya infraredi na kuacha madirisha machache: karibu na mikromita 2, 3.5, 5, kati ya 8 na 13, na kidogo karibu na 20. Kwa hiyo darubini hizi hupelekwa juu ya milima mikavu, kama Mauna Kea huko Hawaii, mita 4,200, na Paranal nchini Chile, mita 2,600. Singida ni pakavu kwa mkulima wa alizeti, lakini kwa infraredi ya mikromita 10 hapajawa pakavu vya kutosha wala juu vya kutosha.

Kikwazo cha pili kinachekesha kidogo. Kwenye mikromita 10, darubini inang'aa, paa linang'aa, hewa inang'aa, na mtazamaji mwenyewe anang'aa. Ni kama kutafuta kimulimuli mchana, kwa tochi inayowaka. Dawa yake ni kutoa: kioo kidogo hutikiswa mara kadhaa kwa sekunde, kikielekea galaksi na kisha anga tupu la pembeni, na kipimo cha pili hutolewa kwenye cha kwanza. Kinachobaki mara nyingi hakifiki sehemu moja ya elfu ya kilichopimwa. Kifaa chenyewe hupozwa. Frank Low wa Marekani alitengeneza mwaka 1961 kipima joto cha jemani kilichozamishwa katika heliamu kimiminika, na ndani ya muongo huo yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba viini vya baadhi ya galaksi hutoa infraredi nyingi kuliko ilivyotarajiwa.

Afrika ilikuwa na sehemu yake. Huko Sutherland, Afrika Kusini, Ian Glass alipima viini vya galaksi kwa infraredi kwa miaka mingi, tena na tena, kazi isiyo na shangwe ila yenye faida. Galaksi mojawapo, Fairall 9, ilikuwa ikififia sana kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1989 Glass na wenzake walionyesha kwamba infraredi ya mikromita 2 ilifuata mabadiliko ya nuru ya kiini ikiwa imechelewa siku 400 hivi. Ni mwangwi: nuru iliondoka katikati, ikasafiri zaidi ya mwaka mmoja, ikalikuta vumbi. Umbali wa vumbi ulipatikana kwa kuhesabu siku, bila darubini yoyote kulitenga katika picha.

Jamaa wa kipimo hiki alitoka jirani zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Miongoni mwa ilivyoviona ni viini vya galaksi za NGC 4151 na Centaurus A. Eksirei hutoka karibu kabisa na shimo. Infraredi hutoka kwenye vumbi lililopashwa. Zikipimwa kwa usahihi, hupanda na kushuka kwa uwiano mmoja kutoka galaksi hadi galaksi, na uwiano huo umekuwa mizani ya kukagulia joto linalotiliwa shaka.

Setilaiti za infraredi zilifuata: IRAS mwaka 1983, iliyochunguza karibu anga lote kwa miezi kumi mpaka heliamu yake ilipoisha, Spitzer mwaka 2003, WISE mwaka 2009, na darubini ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, iliyorushwa Desemba 2021 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani.

Udogo wa vitu hivi

Mtu aliye mbali akiutazama mji usiku huona taa zote zimechanganyika kuwa mng'ao mmoja. Fundi mmoja akiwa anachomelea geti katikati ya mji huo, cheche zake hazibadilishi mng'ao. Kiini cha M81, galaksi iliyo umbali wa miaka milioni 12 ya nuru, kina shimo la jua milioni 70 hivi, na bado nuru yake haifiki asilimia moja ya nuru ya nyota za galaksi hiyo. M81 ni mfano mzuri, kwa maana ni jirani na si hafifu sana. Nyingi ni mbaya zaidi.

Uwingi wa viini hafifu ulithibitishwa na uchunguzi uliofanywa kwenye mlima Palomar, California, ambako Luis Ho, Alexei Filippenko na Wallace Sargent walipima nuru ya katikati ya galaksi 486 za jirani. Zaidi ya asilimia 40 zilionyesha dalili za shughuli za shimo jeusi. Nyingi zilikuwa za kundi ambalo Timothy Heckman alilitenga mwaka 1980, lenye gesi iliyoamshwa kidogo tu. Kundi hilo limezusha ubishi hadi leo, kwani nyota zilizozeeka nazo zinaweza kuiamsha gesi kiasi hicho.

Kwa vipimo hivi, hali ya kawaida ya shimo jeusi ni kudokoa. Viini vikali vinavyopamba vitabu ndivyo visivyo vya kawaida.

Mafiga mengi, jiko moja

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Katikati ya galaksi kuna vyanzo vingi vya joto kwa pamoja. Nyota changa hupasha vumbi. Masizi hung'aa yakipigwa na nuru yoyote kali. Nyota zilizochakaa hutema vumbi lao. Kisha huja kiini, ambacho kwa galaksi kali huzungukwa na duara nene la vumbi lenye umbo la ngata, ile ya kujitwishia ndoo. Kipimajoto kimoja kikiwekwa katikati ya jiko lenye mafiga matano hakisemi ni moto wa figa lipi.

Rangi za infraredi, yaani ulinganisho wa mawimbi mafupi na marefu, hutosha kwa viini vikali. WISE ilivipata kwa mamilioni kwa njia hiyo. Kwa viini hafifu rangi za nyota humeza kila kitu, na njia hiyo haifai.

Ukali wa picha husaidia zaidi. Spitzer, yenye kioo cha sentimita 85, kwenye mikromita 10 iliweza kutenganisha vitu vilivyoachana miaka 170 hivi ya nuru katika M81. Darubini za mita 8 hadi 10 hufanya hivyo mara kumi vizuri zaidi, na mara nyingi sehemu kubwa ya joto lililodhaniwa la kiini hugeuka kuwa la nyota za pembeni. Picha ya Sombrero ya Spitzer, yenye pete nzuri ya vumbi, ni maarufu, lakini pete hiyo haina uhusiano wowote na shimo. Iko maelfu ya miaka ya nuru kutoka katikati.

Kiini cha M87 kilileta jibu lililowashangaza wengi. Shimo lake, la jua bilioni 6.5, ndilo la kwanza kupigwa picha ya kivuli, iliyotangazwa Aprili 2019. Darubini za Keck na Gemini zilipolipima kwenye mikromita 10 miaka ya mwanzoni mwa 2000, infraredi karibu yote ilielezeka kwa mchirizi wa chembe zinazorushwa kwa kasi karibu na ya nuru na kuzungushwa na sumaku. Joto la vumbi lilikosekana, au lilikuwa dogo mno. Hakuna ngata.

Moshe Elitzur na Isaac Shlosman walikuwa wameeleza mwaka 2006 kwa nini inaweza kuwa hivyo. Kwa maelezo yao ngata si kitu kilichokaa. Ni upepo wenye vumbi unaopeperushwa kutoka kwenye gesi inayozunguka shimo. Gesi inayoingia ikipungua chini ya kiwango fulani, upepo hukata na ngata hutoweka. Maelezo hayo yana mvuto, ila M81 haikubali kirahisi. Spitzer iliona humo silikati ing'aayo karibu na mikromita 10, ishara ya vumbi la moto lililo wazi. Huenda ngata hupungua unene polepole badala ya kutoweka kwa ghafla, na M81 iko katikati ya safari hiyo. Kwa hesabu ya nuru yake, ambayo ni sehemu moja ya elfu kumi hivi ya Fairall 9, vumbi lake la moto zaidi lingekaa mara mia karibu zaidi na shimo: siku 4 za nuru, si 400. Hakuna darubini moja inayoweza kulitenga. Hulazimu kuunganisha kadhaa, kama zinavyounganishwa nne za Paranal.

Ushahidi wa neoni

Kuna kipimo kimoja kinachokaribia kumtaja mwenye moto kwa jina. Atomu ya neoni inaweza kunyang'anywa elektroni zake moja baada ya nyingine, na kila inayofuata hung'ang'ania zaidi. Kuondoa ya nne kunahitaji nuru yenye nguvu ambayo nyota za kawaida, hata changa na za moto, hazina. Gesi iliyo jirani na shimo jeusi inayo. Neoni iliyopoteza elektroni nne hutoa mstari mwembamba wa infraredi kwenye mikromita 14.3, na mstari huo hupita vumbi bila taabu kubwa.

Andy Goulding na David Alexander walitumia Spitzer kuutafuta katika galaksi 64 zenye infraredi nyingi, zote ndani ya miaka milioni 50 hivi ya nuru. Matokeo yao ya mwaka 2009 yaliupata katika 17, zaidi kidogo ya robo. Karibu nusu ya hizo hazikuwa zimetambuliwa kwa nuru ya kawaida kuwa na kiini amilifu. Vumbi lilikuwa limezificha.

Mstari huo nao hauna kinga dhidi ya mashaka. Mawimbi ya mshtuko, gesi inapogongana kwa kasi kubwa, yanaweza kuiamsha neoni vivyo hivyo. M83, ile inayopita kusini mwa utosi wa Singida mwezi wa Juni, ilitafutiwa kiini amilifu kwa miaka mingi bila jibu la hakika. Mwaka 2025 watafiti waliotumia darubini ya Webb walitangaza kwamba wameipata neoni hiyo karibu na katikati ya M83, katika vijiwingu vidogo vya gesi. Svea Hernandez aliyeongoza kazi hiyo na wenzake wanaona shimo jeusi kuwa maelezo yanayowezekana sana. Mshtuko wa gesi haujaondolewa kwenye orodha.